Hiki Siuzi

Mnada wa Msalato, Jumamosi, saa nne na vumbi lake.
Nimeshuka kutoka Chenene na ndoo mbili za asali,
moja imeuzwa, pesa iko kwenye pindo la khanga,
nami nimesema leo, potelea mbali, nanunua kisu.

Si panga. Panga ninalo.
Si kile cha kukunja, kinachotoka ng'ambo kimeng'aa:
nilikuwa nacho, msimu mmoja tu.
Asali iliingia kwenye bawaba, mchanga ukafuata asali,
siku ya tatu, juu ya mgunga, nyuki wamenivaa,
kikakataa kufunguka, nikakifungua kwa meno.
Tangu hapo sitaki chombo chenye goti.

Na kile cha marehemu Mhembano, cha springi ya lori,
kinene kama kidole gumba, alikuwa akijivunia:
"Hiki kinapasua mfupa."
Mfupa, ndiyo. Sega kilikuwa kinalikandamiza,
watoto wa nyuki wakasagika ndani ya asali,
na mnunuzi wa mjini akaonja, akatema kwa adabu.

Chedego ametandika gunia, visu thelathini juu yake.
"Mbukwa, mama."
"Mbukwa."
Navishika kimoja kimoja.
Naanza na mgongo wa bapa, si makali;
makali ya asubuhi ya mnada yote hung'aa.
Natafuta msuka: umefika mwisho wa mpini,
au umechungulia tu, kama mgeni asiyetaka kuketi?
Nagonga kwa ukucha, nasikiliza.
Hiki kizito mbele.
Hiki mpini wake ulichongewa kiganja cha mwanamume.
Hiki kizuri, kizuri kweli, lakini kinene.
"Unene ndiyo nguvu," ananiambia.
"Nguvu ninazo mimi. Nataka kisu kinachopita."

Akacheka, akaendelea kula.
Alikuwa na nyama ya mbuzi juu ya karatasi
na kisu chake mwenyewe,
mpini umeviringishwa mpira wa baiskeli,
bapa jembamba kama jani la mtama wa kiangazi.
Hakuwa anakata. Nyama ilikuwa inaachana yenyewe.

"Hicho."
"Hiki siuzi."
"Shilingi ngapi?"
"Mama, hiki ni cha kulia."
Nikaweka noti. Nikaongeza nyingine.
Akafuta mafuta kwenye suruali, akanipa nikishike tu.

Kilizaliwa na unene wake, akasema,
kipande cha msumeno wa kiwanda cha mbao;
miaka kumi na moja ya kinoo ndiyo imekifikisha hapa.
"Wembamba huo sikuufua mimi. Umeliwa na jiwe."
Nikatazama vidole vyangu vilivyokishika.
Sikusema kitu.

Ndipo akainua ncha ya gunia
akatoa kipande kilichobaki, meno bado yamo.
"Ndugu yake. Tumbo moja."
Akakata, akanyonga pedeli, jiwe likalia,
na kila pumzi mbili akichovya kwenye kopo la maji
chuma kisiungue kikasahau ugumu wake.
Elfu kumi na mbili, bila mpini.
"Usikigonge kwa gogo kupasulia kuni, shoka lina kazi gani?
Usichokonolee kopo.
Ukikipinda kidogo kitarudi. Ukikikaidi kitakatika,
na usije hapa kunilaumu."

Wanasema mwenye kisu kikali ndiye mla nyama.
Hawasemi nani alikesha na kinoo.

Mpini nimeuchonga mwenyewe, mti wa mkole,
nimeukaza kwa vipande vya waya wa shaba,
nimeupima kwa mkono huu, si wa mtu mwingine.
Jana usiku sikuwa na sega la kujaribia.
Nikaishusha ukutani kalenda ya mwaka aliokufa Mhembano,
nikaishika juu, nikapitisha.
Desemba ikaanguka.
Sikusikia hata mlio wa karatasi.